Bess Hasikii Kiyorkshire

Wilf Thackray alimwambia mbwa aende kushoto, mbwa akalala. Akamwambia aende kulia, mbwa akaendelea kulala. Mwishowe, kwa hasira, akamwambia alale, na hapo Bess akainuka, akajinyoosha mgongo, akaenda zake kunusa nguzo ya lango. Kondoo waliokuwa wakitazama mchezo huo wakarudi kula majani.

Wilf aliegemea lango akatukana kwa sauti ndogo. Alikuwa amepita miaka sabini, ana goti moja la chuma na meno ya bandia, ya juu na ya chini. Goti lilimkataza kukimbiza kondoo, meno yalimnyima mluzi, kwa hiyo silaha aliyobaki nayo ilikuwa koo tu. Na mbwa huyu, ambaye kwa macho yake mwenyewe alimwona kule alikotoka akikusanya kondoo kama mtu anavyokusanya makombo ya mkate mezani kwa kiganja, hakulijali koo lake hata kidogo.

Kosa lilikuwa la Wilf, na alilijua. Bess alitoka ng'ambo ya kilima, Lancashire, jimbo la Uingereza linaloshindana na Yorkshire tangu enzi, kwa mjane mmoja aitwaye Maureen Holden, aliyekuwa akiuza shamba ahamie kwa dada yake mjini. Siku ya kumnunua, Maureen alisimama mlangoni kwenye manyunyu akamwamrisha mbwa, mbwa akafanya kazi safi kabisa. Mnunuzi mwenye akili angesema, hebu nijaribu na mimi. Lakini Wilf ni mtu wa Yorkshire, na mtu wa Yorkshire akiwa Lancashire hafungui kinywa zaidi ya lazima, asije akaonekana amefurahi kufika. Alilipa, akampakia mbwa, akarudi kwao Harkergill bila hata kumaliza chai yake.

Na siku ya kuteremsha kondoo ilikuwa inakaribia. Kila mwaka, baridi ya kwanza ikianza kuuma, wenye kondoo wote wa Harkergill hupanda nyika ya juu pamoja, kila nyumba na upande wake, wakashuka na mifugo yote kwa mkupuo mmoja hadi kwenye mazizi ya mawe kando ya mto. Upande wa magharibi ni wa akina Thackray tangu enzi za babu yake Wilf. Mtu akishindwa kusafisha upande wake hafukuzwi wala hasemwi vibaya. Jirani humsaidia kwa heshima zote. Akishindwa tena mwaka unaofuata, upande unakuwa wa jirani, basi, na kondoo wake hawana tena mahali huko juu. Mwaka uliopita Wilf alikuwa kitandani na goti lake jipya, na Clifford Metcalfe ndiye aliyemsaidia, kwa heshima zote, huku akiuangalia ule upande wa magharibi kwa jicho la mtu anayepima pazia la nyumba atakayohamia.

Hilary, binti yake wa pekee, alikuwa ameshampatia nyumba mjini. Nyumba nzuri, haina ngazi, ina bustani ya kutosha kiti kimoja.

"Tukubaliane, Baba," Hilary alimwambia. "Ukiusafisha upande wako mwenyewe mwaka huu, mimi habari ya nyumba sitaitaja tena. Ukishindwa, kondoo tunauza, na unahama kabla ya theluji."

"Nina mbwa."

"Nimemwona mbwa wako. Analala vizuri sana."

Wilf alikaa na kiburi chake siku kadhaa, akaona hakimsaidii kitu. Asubuhi moja, akiwa malishoni na mbwa, akampigia simu Maureen.

"Bi Holden, umeniuzia mbwa kiziwi."

"Kiziwi nani? Bess? Huyo anasikia jibini ikifunuliwa nyumba ya tatu. Uko wapi saa hizi?"

"Malishoni, naye yuko mbele yangu, ananitazama."

"Mnyanyulie simu juu."

Wilf aliinua simu juu ya kichwa, huku akiomba Clifford Metcalfe asitokee barabarani. Sauti ya mama yule ilitoka nyembamba, imekwaruzwa na upepo, lakini Bess aliruka kama aliyemwagiwa maji. Akazunguka malisho kwa tumbo chini, kondoo wakajikunja wakawa fungu moja, akawaleta hadi miguuni kwa Wilf, akalala chini kimya. Wilf alibaki na mkono juu kama mtu aliyesimamishwa na polisi.

"Amefanya?" sauti iliuliza.

"Amefanya," Wilf alikiri.

"Haya niambie. Wewe ukitaka alale unamwambiaje?"

"Lai daan. Ningemwambiaje tena?"

Kicheko kikaja, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko. "Daan? Daan ndiyo nini, kijana wangu? Hapo hata mimi nisingelala. Ni deun. Lai deun. Na ukimwambia atulie pale alipo? Ile 'pale' unaisemaje?"

"Dhea."

"Na herufi yake ya mwisho, erre, umeimeza, si ndiyo? Ni dherr. Sisi huku herufi hatuzili, tunakula viazi. Sikiliza, bwana. Huyo mbwa amezaliwa jikoni kwangu. Hajawahi kuambiwa neno kwa namna nyingine tangu afumbue macho. Ama umfundishe upya, na umri wake umekwenda, ama uongee kama mimi."

Wilf aliitazama simu kana kwamba imemtemea mate. Kuongea kama mtu wa Lancashire. Wakati huohuo, lazima isemwe, moyoni aliona nafuu, kwa sababu hakuna mtu Harkergill nzima aliyejua kuiga Kilankashire kumshinda yeye. Ilikuwa mzaha wake maarufu baani. Ijumaa, akishapata bia mbili, angekunja midomo, angevuta erre mpaka iburuzike sakafuni, angesimulia habari ya mtu wa Lancashire anayejaribu kumuuza kuku wake mwenyewe kwa mke wake mwenyewe, na watu wangeshika mbavu. Miaka yote hiyo kumbe alikuwa anafanya mazoezi.

Kesho yake asubuhi akasimama langoni, akakunja midomo, akamwita Bess kwa sauti yake ya baani. Bess aliinamisha kichwa upande mmoja, akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akageuka akaelekea nyumbani.

"Hebu niambie mimi ulivyomwambia," Maureen alisema kwenye simu jioni ile, na Wilf akamwambia. Safari hii hakucheka. "Unajua ulichofanya? Umenicheka. Hivyo ndivyo mnavyotusema mkilewa. Hakuna mtu kwetu anayeongea hivyo, na mbwa amelijua hilo kabla yako."

Wilf aliona masikio yake yanawaka moto. Alijaribu kusema hakukusudia, akakumbuka Ijumaa zote zile.

"Umekula?" Maureen aliuliza.

"Bado."

"Uko na nini mezani?"

"Mkate. Siagi. Maji yako jikoni yanachemka."

"Basi tuanzie hapo. Niambie siagi."

"Buta."

"Buterr. Usiikoromee, haijakukosea kitu. Iguse tu kwa ncha ya ulimi kisha uiache."

Ndivyo masomo yalivyoanza. Kila jioni, saa ya chai, Wilf alisimamisha simu yake kwenye bakuli la sukari, akataja vitu vya nyumba yake mwenyewe kama mtoto wa chekechea: siagi, maji, mlango, kiti, nywele, saa ya ukutani. Maureen alimsahihisha akiwa jikoni kwa dada yake, ambako, alisema, hakuna kinachotembea isipokuwa dada. Wakimaliza vitu walihamia habari. Alimsimulia marehemu mume wake, Ken, aliyeweza kukaa wiki nzima bila kusema neno zaidi ya kuomba chumvi. Wilf naye, ambaye hakuwa amezungumza na mtu yeyote wakati wa chai tangu mke wake Nancy afariki, alijikuta akisimulia mambo ambayo hata yeye alikuwa ameyasahau. Bess alilala chini ya meza, pua yake imeelekea simu.

Na polepole mbwa akaanza kufanya kazi. Kwanza alilala alipoambiwa, tena kwa shaka, jicho moja wazi. Halafu akaenda kulia. Siku aliyokwenda kushoto bila kuulizwa mara mbili, Wilf alirudi nyumbani akichechemea kwa haraka kama kijana.

Tatizo ni kwamba ulimi ukishazoea njia haukuulizi unakwenda wapi. Dukani kwa akina Dinsdale aliomba siagi, na erre ikatoka nayo, safi, imesimama wima. Mama Dinsdale akaacha kupima jibini.

"Umesema nini, Wilf?"

"Siagi."

"Hujasema hivyo."

Hadi jioni habari ilikuwa imemfikia Hilary mjini, na katika kufika ilikuwa imeongeza uzito. Alikuja mbio na gari, akamkalisha baba yake kitini, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Baba, cheka nikuone mdomo. Inua mikono yote miwili. Leo ni siku gani?"

"Ni siku ambayo binti yangu amepata kichaa."

"Mama Dinsdale anasema maneno yako yamebadilika ghafla. Hiyo ni dalili ya kiharusi, Baba, wanatufundisha kazini."

Simu ikalia palepale, maana ilikuwa saa ya chai, na Wilf akanyoosha kidole akaipokea. "Haya, kijana wangu," sauti ya Maureen ilisema kutoka kwenye bakuli la sukari, "leo tutasema kijiko."

Hilary aliichukua simu akatoka nayo nje. Wilf alimwona dirishani akitembea huku na huku kando ya ukuta, kwanza amekunja uso, halafu ameshika tumbo anacheka. Aliporudi macho yake yalikuwa yamelowa.

"Makubaliano yetu yako palepale," alisema. "Lakini yule mama nimempenda."

Lilibaki neno moja tu, na lile lilimshinda Wilf kabisa. Ni neno la mwisho la kazi, lile linalomwambia mbwa yatosha, acha kondoo, rudi kwangu. Dhatl duu. Halina erre, halina ugumu wowote. Wilf alilitamka vizuri hata Maureen alikubali kuwa hawezi kutofautisha. Lakini Bess akishalala mbele ya kondoo hakuondoka. Aliambiwa mara moja, mara tatu, akabaki amelala kwenye umande, amewakodolea kondoo macho, mpaka giza linakaribia na Wilf anainua simu juu, na Maureen analisema mara moja tu, tena kwa sauti ya chini. Hapo mbwa alikuja.

"Huko juu nyikani simu haishiki," Wilf alisema jioni moja. "Na akilala mlangoni pa zizi, kondoo wanaogopa kuingia, wanarudi juu. Nitakuwa nimeteremka bure. Nieleze nakosea wapi."

"Hukosei popote. Matamshi umeyapata yote."

"Sasa?"

"Unalisema kama amri, Wilf. Yale mengine ni amri. Hili siyo. Hili ni asante. Ken mimi hakunishukuru hata siku moja, Mungu amrehemu. Lakini mbwa alimshukuru kila jioni kwa neno hilo, na mimi nilikuwa nasimama jikoni nalisikiliza, najichukulia kidogo langu. Wewe Nancy ulikuwa unamwambiaje kazi ikiisha?"

Wilf aliangalia sinki. Alikuwa akiweka kikombe chake pale, kila jioni, miaka arobaini na zaidi, kisha anakwenda kulala. Alifikiri hiyo ilikuwa imetosha. Sasa ilimuuma, tena vibaya, na hakuwa na mahali pa kuipeleka.

"Sikuwa namwambia kitu," alisema.

"Najua," Maureen alisema bila kumlaumu. "Ndivyo mlivyo wanaume, huku na huko. Hapo hamtofautiani hata kidogo."

Siku ya kuteremsha ilikuja na anga nyeupe na upepo wa kukata masikio. Wakapanda wote, na kwenye ukingo wa juu wakaachana, kila mmoja akashika upande wake. Clifford Metcalfe na wanawe walikuwa upande wa pili wa kijito, karibu kiasi cha kumwona Wilf, na kiasi cha kumsikia pia, na hilo ndilo lililomsumbua. Alianza kwa kunong'ona. Bess, mbali kule chini kwenye majani makavu, aligeuza kichwa. Hakusikia kitu.

Wilf alivuta pumzi, akaweka haya yake yote mfukoni, akapaza Kilankashire juu ya nyika ya Yorkshire kwa nguvu zote za kifua chake. Kila erre ilikwenda mpaka mlima wa pili ikarudi.

Upande wa Metcalfe kicheko kikapanda.

"Leo baa imefunguliwa mapema, Wilf," Clifford alipaza sauti. "Tupe na ile ya kuku."

Wilf aliita tena, na Bess akazunguka bonde zima kwa upana, akatokea juu ya kondoo wa mwisho kabisa, wale wazee wakaidi wanaojificha kwenye mashimo ya mawe, akawashusha mmoja mmoja bila kubweka. Wilf alishuka taratibu na fimbo yake, anaita, anachechemea, anaita. Baada ya muda alitambua kwamba hakuna tena aliyekuwa akicheka ng'ambo ya kijito. Wana wa Metcalfe walikuwa wamesimama, wameacha hata mbwa wao wenyewe, wanatazama.

Walipofika mazizini watu walikuwa wamejaa ukutani, kama kila mwaka, na vikombe vya chai mikononi. Hilary alikuwepo. Kando yake alisimama mama mfupi mwenye koti la mvua na mikono mifukoni, na Wilf aliposogea akaona ni Maureen. Hilary alikuwa amemfuata asubuhi kwa gari bila kumwambia mtu.

Bess aliwasukuma kondoo hadi kwenye mdomo wa zizi, akalala. Kondoo wakasita. Wa mbele walimwona mbwa karibu mno na lango, wakaanza kurudi nyuma, wakasukumana, na mmoja akatazama mlima. Wilf aliona kitakachotokea. Wakigeuka mara hii hatawapata tena, na Clifford alikuwa ameshaanza kufika, akiwa tayari kusaidia kwa heshima zote.

Papo hapo Bess akanusa upepo, akageuza kichwa, akamwona Maureen ukutani. Mwili wote wa mbwa ulitetemeka. Maureen alifungua kinywa. Kisha akakifunga, akageuka, akaupa mto uso wake na mbwa mgongo wake, mabega yamepanda mpaka masikioni.

Wilf alitaka sana kupiga kelele. Badala yake alimwangalia mbwa. Alimwona ulimi nje, ameloa matope mpaka kifuani, mzee kidogo kama yeye, ameletwa kwa watu wa kigeni na amewafanyia kazi siku nzima. Alikumbuka jikoni kwake na kikombe ndani ya sinki. Mbele ya Clifford Metcalfe na wanawe, mbele ya Mama Dinsdale na kijiji kizima, Wilf Thackray aliinama kwa taabu ya goti lake, akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayezungumza na aliye ndani ya nyumba yake:

"Dhatl duu, Bess. Dhatl duu, mama."

Bess aliutazama ule mgongo ukutani. Aliutazama kwa muda, na Wilf hakumlaumu. Halafu akainuka, akaja moja kwa moja, akaketi juu ya buti lake. Njia ikawa wazi, kondoo wakamiminika ndani kwa kelele zao zote, na Hilary akakimbia akafunga lango.

Hakuna aliyepiga makofi, hiyo siyo desturi ya Harkergill. Clifford alisogea, akakohoa, akavua kofia akaivaa tena.

"Kwa hiyo sasa umehamia kwao?" aliuliza.

"Kwa mbwa tu," Wilf alisema. "Na upande wa magharibi ni safi, kama hujaona."

"Nimeona," Clifford alisema, na akamletea chai.

Jioni, baada ya pai na keki ya tangawizi, Hilary aliwasha gari kumrudisha Maureen ng'ambo ya kilima. Habari ya nyumba isiyo na ngazi haikutajwa. Maureen aliinama akamshika Bess masikio yote mawili, akamwambia jambo ambalo Wilf hakusikia na hakutaka kusikia. Alipoingia garini mbwa alimfuata mpaka langoni. Wilf akasema lile neno, taratibu, na Bess akarudi akaegemea mguu wake, ule mzima.

Maureen alishusha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu lakini mdomo ulikuwa wa kawaida. "Kesho nipigie saa ya chai."

"Ya nini? Mbwa anakuja mwenyewe sasa. Na maneno yote nimeyamaliza."

"Nipigie tu, we mzee," alisema, na gari likaondoka.

Kesho yake Wilf alisimamisha simu kwenye bakuli la sukari kabla maji hayajachemka. Maureen alipopokea hakumuuliza habari za mbwa. Wilf alisafisha koo.

"Nilitaka kukushukuru," alisema, kwa lafudhi yake mwenyewe ya Yorkshire, kwa sababu hiyo ndiyo aliyokuwa nayo kwa mambo kama hayo, na Maureen akamwelewa neno kwa neno.